Kamba ya Kisima Ndani ya Saiba

Jumatatu, katika saiba moja, duka la intaneti, mjini Machakos, bwana mmoja mwenye tai aligonga kibodi hadi sote tukageuka. Alikuwa akibishana na watu kwenye ukumbi wa mtandaoni, kwa herufi kubwa tupu.

"Naambia hawa watu malori ya kuzoa mchanga hayakaushi mto wetu," akatutangazia. "Hiyo ni siasa tu!"

Mama aliyekuwa akingojea kopi ya kitambulisho aliuliza polepole, "Wewe huo mto ulienda lini?"

"Si lazima niende, mama. Kila mtu anajua."

Mama akatoa kamba kwenye kiondo, akailaza juu ya kibodi. Ilikuwa na mafundo mawili.

"Hii nachotea maji kwa kisima chetu hapo mtoni. Kabla malori yakuje, ilikuwa inaishia hapa kwa fundo ya kwanza. Wakaanza kubeba mchanga, nikaunga. Nikaunga tena. Leo nimekuja soko kununua ingine."

"Labda ni kiangazi," bwana akasema, sauti imeshuka.

"Labda. Lakini kiangazi tuko nayo tangu nizaliwe. Wewe uko na nini?"

Bwana akaitazama kamba, asijue pa kuweka mikono.

Najua, kamba moja haimalizi kesi. Ila herufi kubwa nazo hazijawahi kuteka maji.

Watu walimcheka bwana. Mimi sikucheka. Mfukoni nilikuwa na disketi, na ndani yake safu yangu ya gazetini ya wiki hii, ya kuwatetea wenye malori. Mto wenyewe sijawahi kuufikia.