Mdudu wa Kufundisha Mluzi

Sisi tuliokua kabla lami haijafika mtaani kwetu Mpanda, barabara ilikuwa na nyasi za kukufika kiunoni pande zote mbili, na humo walikaa wadudu wa kila namna: panzi wa kijani na wa kahawia, vipepeo wa njano, kerengende wenye mkia mwekundu, na wale mbawakavu tuliowafunga uzi mguuni wakaruka huku tukiwakimbilia. Mama akituona tunachelewa shule aliuliza, "Hao wadudu ndio watawafanyia mtihani?" Sisi mbio shuleni, mifuko ya kaptula inatambaa wadudu.

Lakini mkubwa wao aliishi mtaroni. Kijidudu cheusi, kinang'aa, kinazungukazunguka juu ya maji kama kimepoteza kitu. Kila mtoto alijua kwamba kikikung'ata ulimi, unajua kupiga mluzi. Nami mluzi niliuhitaji kwelikweli. Kwetu ni Wasukuma, tulihamia na ng'ombe, na baba alikataa niende machungani na kaka zangu. "Ng'ombe hawaelewi Kiswahili," alisema. "Jifunze mluzi kwanza."

Basi nikatoa ulimi, kaka yangu mkubwa akamweka mdudu. Aliniuma barabara. Ulimi ukavimba, nikawa naongea kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Mluzi? Hewa tupu. Tukarudia upande wa pili, maana kaka alisema pengine tulikosea mahali. Mwishowe baba alichoka kusubiri, nikachunga kwa kuita ng'ombe majina yao, nao wakinitazama kwa huruma.

Masika haya nilimsimulia binti yangu Milembe. Yeye kajifunza mluzi kwenye simu, kajilaza kwenye kochi, hata jasho hakutoa. Akasema, "Baba, huyo mdudu umemtunga."

Iliniuma. Nikamshika mkono tukatoka nikamwonyeshe. Barabara siku hizi inapendeza, siwezi kusema uongo: nyasi za kupandwa, zimekatwa fupi, na mtaro wa saruji ambao mvua ikinyesha hauachi hata tone. Tulitembea ukingo mzima tumeinama, mimi na kitambi changu, bodaboda wakitupigia honi. Tulipata sisimizi na vifuniko vya soda.

"Turudi tu, baba. Nimekuamini," Milembe akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, kwa sababu hakuwa ameniamini. Ningempa yule mdudu ulimi wangu tena uvimbe wiki nzima, ili mradi Milembe amwone. Ulimi bado ninao. Mdudu ndiye hayupo.