Umwachie

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni fundi cherehani, nashonea askari wa boma la Wadachi hapa Morogoro. Mke wangu Zena ni Mluguru wa mlimani. Tulipooana tulipatana: nitalima shamba la ukoo wao, nao wakilihitaji nitalirudisha.

Juzi mjomba wake aliniita barazani kwa akida, bila kusema kuna nini. Nilipanda mlima nimefura, nimeshajiambia Zena amenichoka. Mjomba, mzee kibogoyo, akasimama: "Zena anaomba umwachie."

Mimi, kichwa maji, nikasikia "umwache".

"Anaomba mbele za watu? Basi nimemwacha! Talaka tatu!"

Mjomba akakaa chini taratibu.

"Shamba, mwanangu," akasema. "Umwachie shamba, mama yake apande maharage."

Mara Zena akatokea, anahema kwa mlima, chakula changu cha mchana kichwani. Alikuwa anatabasamu.

"Mume wangu, umeniachia?"

Akida ndiye aliyemjibu.

"Amekuacha."