Kitambaa Cheupe cha Kamera

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipofunga nguo zangu kwenye kitenge nikitaka kumwacha baba yako kwa sababu ya kamera. Usicheke. Wewe unayemnunia mumeo kwa ajili ya simu, una nini cha kunicheka?

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walimwagika Bariadi, maduka yakajaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu, na baba yako akauza maksai wake akanunua kamera ya video. Si hizi zenu za kuingia mfukoni. Ile ilikaa begani kama mtoto mnene, ikimeza kanda nzima nzima. Aliifunika kwa kitenge changu kipya isipate vumbi, mimi nikalala na kanga iliyotoboka. Nilianza kuionea wivu hapo hapo, kabla hata hajatokea mwanamke wa kumshuku.

Harusi zikamwita kutoka Nyashimo hadi Nassa. Mimi nilibaki nikipalilia. Akirudi ananukia pilau na marashi ya watu, nami roho inaniuma.

Jumapili hiyo mwalimu mmoja pale mjini, aliyekuwa ameozesha binti yake, alitualika kutazama kanda ya harusi. Sebule ilijaa. Kanda ikaanza kanisani, na badala ya maharusi tukaona kifua cha Perpetua, mwimba kwaya, kimejaa kioo kizima ndani ya blauzi yake nyeupe. Maharusi wakafuata. Walipotoka nje, Perpetua kwanza. Walipoingia ukumbini, Perpetua tena! Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mapenzi ni kikohozi," na mwenzake akamalizia, "hayawezi kufichika." Nilitamani ile luninga ipasuke. Perpetua alikuwa mzuri, sikufichi. Alikuwa na shingo ndefu na sauti tamu, na mikono yake haikujua jembe.

Nilirudi nyumbani nikafunga mzigo. Uzito wa jambo nilikuwa naujua. Ng'ombe wa mahari yangu ndio waliotolewa kaka yangu alipooa. Nikirudi kwetu watadaiwa, na wifi yangu mjamzito huenda akarudishwa kwao. Wivu ulikuwa umenifumba macho mpaka nikasema potelea mbali, na arudi.

Bibi yako, mama mzazi wa baba yako, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Hakuinuka kunipisha.

"Ng'wanone, mwanangu, unahama?"

"Mayu, mama yangu, kwaheri. Mwanao ana mtu. Nimemwona kwenye kanda, na watu wote wamemwona."

"Umemuuliza mumeo?"

"Nimuulize nini tena?"

"Basi weka chini huo mzigo. Ng'ombe hawatoki zizini kwa kuambiwa na luninga."

Akamwita. Baba yako aliposikia alishika kichwa. "Perpetua? Mimi nilikuwa naitafuta ile blauzi yake nyeupe!"

Akaeleza kwamba kamera yake haikujua rangi yenyewe. Mwanga ukibadilika, kanisani, juani au ukumbini, lazima kwanza ionyeshwe kitu cheupe, ndipo rangi nyingine zikae sawa. Harusi yake ya kwanza alisahau, bibi harusi akatoka wa njano kama mgonjwa, wenyewe wakaikataa kanda. Tangu hapo akawa anawinda cheupe, na kwaya ndiyo iliyovaa nyeupe. Vile vipande alitakiwa avikate, ila mashine ya kukatia hakuwa nayo.

Nilibisha. Kesho yake akamrekodi bibi yako uani, tukaenda kutazama kwa mwalimu. Kwanza akatokea bibi wa bluu mwili mzima. Kisha, baada ya kamera kuonyeshwa shuka jeupe, akatokea bibi yako mwenyewe. Aliyecheka sana ni yeye. Halafu akamgeukia mwanawe: "Na wewe, cheupe kiko kifuani kwa Perpetua tu? Mkeo hana mikono?" Tulipofika nyumbani akachana lile shuka, akanikabidhi kipande.

Tangu hapo harusini nilikwenda naye. Ukipata kanda yoyote aliyorekodi baba yako miaka ile, utaniona mimi kwanza na kitambaa changu, bibi harusi baadaye. Perpetua hakuwa na kosa lolote, ila hadi leo simpendi.

Baadaye ikaja kamera ya kanda ndogo, ya kukaa kiganjani, yenye kioo ubavuni. Halafu ikaja isiyo na kanda kabisa. Hizo zilijiwekea rangi zenyewe. Siku baba yako aliponiambia, "Mama Kulwa, leo pumzika, hii haihitaji kitambaa," niliichukia ile kamera ndogo kuliko nilivyopata kumchukia Perpetua. Na simu zenu nazionea wivu vilevile.

Basi mwanangu, jicho la wivu nalo halijui rangi lenyewe. Ulichokiona kwenye simu ya mumeo, kamuulize, tena mbele ya mtu mzima. Kuuliza si ujinga, na hasira hasara. Sikwambii uache wivu, maana mimi mwenyewe umenishinda kuuacha. Nakwambia usifunge mzigo kabla hujauliza.

Kitambaa changu kipo sandukuni, kimegeuka rangi ya maziwa. Kichukue. Mungu akupe mume anayeulizika na mama mkwe asiyekupisha mlangoni, na ng'ombe wa mahari yako wazaliane huko huko waliko.