Nywele za Mamba Muntu

Nilipokuwa na miaka minane, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, mabomba ya mtaani kwetu Kampemba yalikauka kwa sababu ya mapigano. Mama akawa anachota maji mto Naviundu. Palikuwa na dimbwi karibu na nyumbani, lakini hakuna aliyeligusa. Ndani yake zilicheza nywele ndefu za kijani, na kila mtu alijua ni za mamba muntu, mwanamke wa majini anayevuta watu. Basi kila alfajiri wanawake walikwenda mbali hadi mtoni, ng'ambo ya kizuizi cha askari. Sisi tulikuwa watu wa Kasai, na wakati ule huko Katanga tulihesabiwa maadui. Siku moja askari walimzuia mama hadi jioni wakimhoji kwao ni wapi, na kesho yake ilibidi aende tena.

Asubuhi hiyo nilimtangulia hadi dimbwini. Niliogopa, ila askari niliwaogopa zaidi. Nilitaka kujua kila kilichomo kimeshikwa na nini, nikaanza na yungiyungi. Lilikaza, nikalivuta kwa mikono miwili hadi likatoka na mzizi mnene wenye matope. Tete nalo lilikuwa hivyo hivyo. Hata vijani vidogo vilivyoelea juu vilikuwa na vizizi kama nyuzi. Kisha nikafumba macho, nikazishika nywele. Zilikuja bila kuvutwa, laini, zenye utelezi. Hazikuwa na jani, wala shina, wala mzizi.

Mama alinikuta nimezishika. Jirani yetu, Mama Ngoie, aliyefuatana naye, alirudi nyuma akisema nimekwisha kulogwa.

"Mama, hii haiko nywele," nilisema. "Nywele inashika ku kichwa. Hii haishike ku kintu."

"Na kichwa uliitafuta?" mama aliuliza.

"Nilitafuta. Hakuna."

"Yaya," Mama Ngoie akamwambia mama, kama anavyoitwa dada mkubwa, "mutoto yako anatafuta kichwa ya mamba muntu, apate kuisuka."

Mama hakucheka. Aliinama, akasogeza ule ute kwa kiganja, akajaza ndoo. Nyumbani tuliyachemsha maji sana, naye akanywa wa kwanza.

Nilipokuwa mwalimu nililijua jina la zile nywele: mwani. Kila mwaka niliwaletea wanafunzi beseni la maji ya mtoni yenye mwani na majani mengine, wakavuta wenyewe, wakaona kipi kina mzizi. Mamba muntu sikumcheka mbele yao, maana hofu yake imewazuia watoto wengi wasizame. Mpaka leo sijui kama yuko. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile, hadi mabomba yalipotoa maji tena, mama hakupita mbele ya askari, na uji wa asubuhi tuliunywa pamoja naye.