Sahani ya Bamia Hairudi Tupu

Mwaka ule wa hamsini na kitu, kaskazi ilipoanza na Ngamiani nzima, mtaa wetu pale Tanga, ikachemka, nilishikwa na maradhi ya kilimo. Nilikuwa karani bandarini, mikono laini, lakini nikapanda bamia uani mistari sita. Kila alfajiri nilibeba madebe manne ya maji kutoka bomba la mtaa, jua lisije likanitangulia. Majirani walinicheka. Bamia zikazaa kwa fujo. Katika joto lile, ukiziacha siku mbili bila kuzichuma zinakuwa kuni.

Mke wangu, mzaliwa wa mtaa uleule, akakata shauri. "Bwana, samaki hanunuliwi nyumba hii mpaka mboga ziishe. Neema ya Mungu haitupwi."

Mimi ni mtu wa Tanga. Siku ya tano bila samaki nilianza kuwaonea paka kijicho.

Nikapata akili, ya kijinga kama kawaida yangu: nigawe. Nikajaza sahani kumi, nikazungusha mtaani. Kumbe njaa ya samaki ilinisahaulisha kwamba kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kuirudisha hivyo ni kumtukana aliyekuletea. Kufika magharibi zote zilikuwa zimerudi, zimejaa mabiringanya, matango, mchicha na kisamvu. Mbili zilirudi na bamia! Kumbe na wao walikuwa wakitafuta pa kuzipeleka. Mke wangu alifurahi mno. Mimi nilikaa kizingitini, nusura nilie.

Nyumba ya mwisho mtaani alikuwa amehamia mama mmoja wa Kishambaa, mumewe fundi wa reli. Nikampelekea sahani. Akaiosha ikang'aa, akanirudishia tupu. "Ahsante, baba." Mola anisamehe, nilitaka kumbusu mkono. Wiki nzima nikawa nampelekea sahani mbili kwa siku, kwa siri, na mboga zikaanza kupungua kweli. Nikaanza kunusa changu wa kukaanga ambaye hajavuliwa bado.

Siku ya saba mke wangu akanikuta mlangoni na sahani tupu mkononi.

"Imetoka wapi?"

Nikasema. Hakukasirika, alimwonea huruma yule mama, mgeni wa watu asiye na wa kumfunza. Akajitanda kanga, akaenda kumweleza desturi zetu, kwa upole na kwa kirefu. Nilimwita arudi, akajifanya hasikii.

Jumamosi iliyofuata lori kutoka milimani kwao Washambaa likasimama mlangoni petu. Yakashushwa magunia mawili: kabichi, karoti, viazi, na maharage mabichi juu yake. Yule mama alisimama pembeni, ameinamisha macho.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, nilikuwa sijui. Hizi ni za sahani zote zile."

"Marahaba," nikajibu.

Mke wangu alimkumbatia, machozi yakimlenga. Kisha akafungua gunia, akapapasa kabichi moja baada ya nyingine, akanigeukia uso umejaa furaha.

"Bwana, tukizila kwa mpango, zinatufikisha Ramadhani."