Kaimati za Gatini

Kibanda cha donati kikianza kukaanga pale sokoni Woolwich, huku ughaibuni, nabana pua na kuvuka barabara. Harufu ni ile ile ya lile gati la starehe la ufukweni, lenye bembea, tulilopelekwa utotoni, mbao zikinuka mikojo, farasi wa bandia wa kuzunguka wamebambuka rangi.

Mama alitununulia donati za moto, akala na yeye, akafumba macho. "Kama kaimati za bibi yenu Unguja!"

Muuzaji akajisifu kuwa kibanda kilikuwa cha babu yake, na tangu enzi hizo wanakaangia mafuta ya nguruwe tu.

"Temeni! Temeni nyote!"

Mama akatuburura ufukweni, akatusukutua vinywa kwa maji ya kahawia yenye mapovu. Mwenyewe akajitia vidole kooni, akatapika mbele za watu.

Ramadhani ilipofika, futari ilikosa kaimati. Mpaka leo Mama hajazipika tena.