Sahihi Niliyomwekea Shangazi

Nina shahada mbili, na faida moja ninayoweza kuionyesha ni sahihi nzuri, yenye mkia mrefu unaojikunja chini ya jina. Sahihi hiyo ilikaribia kumpokonya shangazi yangu kibanja.

Kibanja kipo Muleba, katika kijiji nisichokitaja kwa sababu bado nina ndugu huko, ingawa wengi wao hawanisalimii. Ni migomba na mibuni, na katikati kaburi la babu. Shangazi alikirithi baada ya kurudi kutoka kwa mume aliyemchosha, na wanaume wa ukoo hawakumsamehe. Kwao, mwanamke hulima kibanja cha ukoo, hawezi kukimiliki. Kwa hiyo serikali ya kijiji ilipotaka eneo la soko jipya kando ya barabara, hakuna aliyejisumbua kutafuta pengine.

Mkutano wa kijiji kuhusu soko nilihudhuria mimi. Nilikuwa nimetoka Kahororo, Bukoba, ninakofundisha, kwenda kula ndizi za shangazi. Yeye alikataa kwenda.

"Nikakae kwenye benchi niwasikilize wakinigawa?"

Mtendaji wa kijiji alikuwa na tabia ya kumnyima barua kila asiyehudhuria, na shangazi alihitaji barua ya matibabu ya wazee. Basi karatasi ya mahudhurio iliponifikia, nikaandika jina lake na kulisainia, mkia na yote. Juu ya karatasi palikuwa pameachwa nafasi kubwa tupu. Sikujiuliza ni ya nini. Nilirudi nikijiona mtu mwenye akili.

Wiki chache baadaye serikali ya kijiji ilichimbia nguzo za soko katikati ya mibuni. Shangazi aling'oa zote akazifanya kuni. Akatafuta wakili, notisi ya siku tisini ya kuishtaki serikali ikatolewa, na hatimaye kijiji, halmashauri na Mwanasheria Mkuu wakawa wadaiwa katika Mahakama Kuu, Bukoba. Wanakijiji walikodi fuso kuja kumwona akishindwa.

Siku aliyotoa ushahidi, wakili wa serikali alimwonyesha ile karatasi. Ile nafasi tupu sasa ilikuwa na maneno: *Waliokubali kutoa maeneo yao kwa ujenzi wa soko.*

"Mama, hili si jina lako?"

"Sijui kusoma. Na sijui kuandika. Mimi naweka dole."

"Una cheti cha elimu ya watu wazima, mama. Kinaning'inia sebuleni kwako."

"Walinipa kwa sababu ndimi niliyempikia mwalimu uji."

Mabenchi yakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameinamia karatasi, kisha akainua kichwa na kunitazama.

Wakati wa mapumziko alinikuta chini ya ngazi.

"Ule mkia naujua. Upo kwenye kila barua uliyoniandikia ukaja kunisomea mwenyewe."

"Shangazi, nilidhani..."

"Utasema, au nikuseme mimi?"

Mtendaji alipita karibu akipunguza mwendo, sauti imejaa heshima ya Kihaya. "Waitu, mwalimu, tulia tu. Kumsainia mtu ni jela. Ninyi wasomi mnajua sheria kuliko sisi."

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Ukweli ni kwamba shangazi alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa vidole vya mtu anayepalilia kila siku, na hakuniachia mpaka mlangoni.

Niliapa. Nikasema sahihi ni yangu, na kwamba nilipoiweka, juu ya karatasi hapakuwa na neno.

"Umesoma mpaka wapi?" wakili wa serikali akaniuliza.

"Chuo kikuu."

"Na hukujua kwamba huwezi kumsainia mtu mzima?"

"Nilijua."

"Na kusaini karatasi ambayo juu ni tupu?"

"Hilo hatukufundishwa."

Safari hii walinicheka mimi, na mmoja wa binamu zangu akapiga kelele kutoka nyuma: "Profesa wa mikia!" Jaji alimtoa nje, lakini jina limebaki. Hata sokoni Bukoba naitwa hivyo.

Mahakama iliamua kwamba karatasi ile si ridhaa ya mtu yeyote, na kwamba kibanja ni cha shangazi, mwanamke au la. Soko halijajengwa. Kijiji kizima kinamchukia yeye kwa kushinda na mimi kwa kusema. Polisi walinichukua maelezo mara moja. Bado nasubiri kujua watayafanyia nini.

Siku ya kuchukua nakala ya hukumu nilimsindikiza. Karani wa masijala alifungua daftari la kusaini, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kwenye kalamu. Shangazi aliupiga kofi. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye daftari, akalichunguza. Kisha akaligeukia shati langu jeupe na kulifuta dole hilo kifuani, polepole, mpaka alama ikatokea.

"Yangu iko hivi," alisema.